Magunia Mawili ya Mbegu

Siku ya tatu ya matanga, muda mfupi baada ya saa tisa alasiri, baba mdogo alisimama chini ya turubai lililofungwa uani kwetu, akasema maneno ambayo kila mtu wa Goma ameyasikia mara nyingi: kama yupo aliyekuwa akimdai marehemu, au aliyekuwa akidaiwa naye, asogee kwa familia, ili Mzee apumzike bila kamba mguuni. Watu waliinamisha vichwa. Nami niliinamisha changu, kwa sababu maneno hayo huja baada ya sala na kabla ya chakula, na sikumbuki hata mara moja nilipomwona mtu akiyaitikia.

Safari hii mtu aliitikia.

Alikuwa mama wa miaka sabini hivi, amejitanda kitenge juu ya sweta nene, kama wavaavyo watu wa juu waliozoea baridi ya Kibumba, kaskazini mwa mji. Alipita katikati ya viti vya plastiki bila haraka, akanifikia mimi, kwa kuwa ndimi niliyekuwa nimesoma wasifu wa marehemu, akasema kwa sauti ya chini: "Mtoto wangu, Mzee alikuwa na magunia yangu mawili ya mbegu. Nimekuja kwa sababu mmetuita."

Nilimjibu: "Mama, leo tunalia. Mambo hayo tutayaangalia siku nyingine."

Hakubishana. Alisema, "Haya, poleni," akarudi kwenye kiti chake, akala kidogo kwa heshima ya wafiwa, akaondoka kabla jua halijazama, maana njia ya Kibumba si ya kupanda usiku.

Nilidhani nimelimaliza jambo. Badala yake, kwa majuma yaliyofuata, nikiwa kazini, nikiwa njiani, nikiwa kitandani, nilimwona akigeuka na kurudi kwenye kile kiti, na kilichonirudia masikioni halikuwa deni lake bali lile neno la mwisho.

Mmetuita.

Sentensi niliyoiandika

Wasifu wa Baba niliuandika usiku mmoja, mezani jikoni, huku wageni wakiimba nje. Watu waliusifu. Sentensi yake kubwa ilikuwa hii: "Alikuwa mkulima na mfanyabiashara mchapa kazi, aliyejenga kila alichokuwa nacho kwa jasho lake mwenyewe, na akawasomesha watoto wake wote." Baadaye kila kipande cha sentensi hiyo kilikuja kunidai, kimoja baada ya kingine, na ndiyo maana ninaandika makala haya.

Kwamba alichapa kazi, hilo halina ubishi. Siku mbili za juma alikuwa shambani Kibumba, siku zilizobaki alikuwa kwenye depo yake mjini, na kote kuwili alifika kabla ya watu aliowaajiri. Aliweza kuinua upembe wa gunia la viazi, birayi kama tunavyosema hapa, akakuambia limepungua kilo ngapi. Jioni alitukalisha watoto kuzunguka taa ya mafuta, tukachambua mafungu matatu: vya kula, vya kuuza, na vya mbegu. Vya mbegu vilikuwa vile vyenye ukubwa wa yai la kuku, visivyo na kidonda, na hakuna aliyeruhusiwa kuvigusa hata kama sufuria ilikuwa tupu. Mara moja mdogo wangu alichoma kimoja kwenye majivu. Baba hakumpiga, alimpeleka shambani kesho yake, akamwonyesha shimo moja lililobaki wazi kwenye mstari, akalipita bila kulifukia.

Lakini watu wa Kibumba wote wanachapa kazi. Wale vijana wa chukudu, skuta za mbao za kubebea mizigo, wanaoteremka barabara ya Rutshuru alfajiri, goti moja juu ya mti na magunia manne mbele yao, kisha wanaisukuma mashine hiyo ya mbao kurudi juu kilomita zote zile, hakuna atakayeniambia kwamba Baba aliwazidi jasho. Kama jasho ndilo linalojenga, wao wangekuwa na maghorofa mtaa wa Himbi. Kwa hiyo sentensi yangu haikuwa imeeleza kitu. Ilikuwa imempamba tu.

Pesa iliyobadilishwa jina

Baba hakuamini noti. Nilipokuwa mtoto nilidhani ni ukaidi wa mtu wa shamba. Imenichukua miaka mingi kuelewa kwamba ilikuwa elimu, tena elimu aliyoilipia karo kubwa kuliko yangu.

Mwaka 1973 alikuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu, mpimaji wa chumvi na sukari katika duka la mgeni mmoja mjini. Tarehe 30 Novemba mwaka huo Mobutu alitangaza kwamba maduka na mashamba ya wageni yatatiwa mikononi mwa Wazairwa, kama Wakongo tulivyoitwa wakati ule. Duka lile alipewa mtu aliyekuja na barua. Mtu huyo aliuza bidhaa zilizokuwa kwenye rafu, hakununua nyingine, na baada ya miezi michache Baba alikuwa akipangusa vumbi kwenye mbao tupu. Alituambia kwamba hapo ndipo alipojua kuwa kuwa na duka ni kitu kimoja na kujua kuuza ni kitu kingine.

Akaingia kwenye maharagwe na viazi. Alinunua kipande cha shamba Kibumba, akajaza mkebe wa maziwa ya unga kwa noti alizokusudia kuezekea nyumba mabati. Tarehe 25 Desemba 1979, siku ya Noeli, ilitangazwa kwamba noti za zaire 5 na 10 hazitatumika tena. Siku za kuzibadilisha zilikuwa chache, kiasi kilichoruhusiwa kilikuwa na mpaka, na foleni ya benki ilikuwa ndefu kuliko siku zenyewe. Sehemu aliibadilisha. Sehemu kubwa zaidi ilibaki ndani ya mkebe, na nyumba ikaendelea kuezekwa nyasi kwa miaka mingine minne.

Waliokuwa watu wazima katika miaka ya tisini wanakumbuka yaliyofuata: noti ya zaire milioni 5 ambayo wafanyabiashara waliikataa mkononi, kisha zaire mpya ya Oktoba 1993, ambapo moja ilichukua nafasi ya zaire 3,000,000 za zamani, kisha mwaka 1994 ambapo bei zilipanda karibu asilimia 9,800. Tarehe 30 Juni 1998 ikaja falanga, na falanga 1 ikachukua nafasi ya zaire mpya 100,000. Nimeifanya hesabu hii mara kadhaa nikidhani nimekosea sifuri, lakini ndivyo ilivyo: mtu aliyekuwa anakudai zaire bilioni 300 za zamani, ukimlipa kwa kipimo cha serikali, ungempa falanga 1. Na falanga 1 leo hainunui kiberiti.

Kwa hiyo Baba alipima kila kitu kwa magunia. Pango la depo lilikuwa magunia ya maharagwe kwa mwaka. Mkopo wa jirani ulikuwa madebe. Alikuwa na msemo wake, ambao sisi wasomi wa nyumba tuliuona wa kizamani: gunia halibadilishwi jina.

Sikuwaza kwamba hesabu hiyo ilikuwa na upande wa pili. Anayekudai kwa pesa, serikali inaweza kukufutia deni lake ukiwa umelala. Anayekudai kwa magunia, magunia yake yanabaki mazima.

Daftari

Mwishoni mwa Oktoba nilifungua sanduku lake la bati. Ndani mlikuwa na madaftari sita ya shule, yamefungwa kwa kamba ya katani, na katikati ya lile la juu kulikuwa na noti ya zaire 10, laini kama kitambaa, iliyotumika kama alama ya ukurasa.

Daftari la zamani kuliko yote linaanza Februari 2002. Hakuna la kabla ya hapo, na mtu wa Goma hahitaji kuelezwa kwa nini. Tarehe 17 Januari ya mwaka huo volkano ya Nyiragongo ilifunguka, moto ukateremka ukapita katikati ya mji hadi ziwani, ukafunika sehemu ya uwanja wa ndege, na ukapita juu ya depo ya Baba. Usiku ule tulivuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda, na blanketi mbili. Aliporudi, pamoja na wale wote waliorudi jiwe likiwa bado linatoa mvuke, alihesabu hatua kutoka kwenye ukuta mmoja uliosalimika, akasimama, akasema mlango ulikuwa hapa. Chini ya viatu vyake mlikuwa na maharagwe ya msimu mzima, mizani, na madaftari yote.

Nilipokuwa nikiyafikiria hayo nikiwa na daftari mkononi, jambo moja lilinijia ambalo sikuwahi kulifikiria katika miaka yote hiyo. Moto ule ulimwangamiza Baba kama mdai, maana hakuwa tena na karatasi ya kumwonyesha mtu yeyote. Lakini kama mdaiwa ulikuwa umemweka huru. Wangapi wangeweza kuthibitisha? Watu wengi wa mji walikuwa wakilala kwenye mahema na makanisa.

Ukurasa wa kwanza wa daftari jipya una kichwa cha habari kilichopigiwa mstari mara mbili: WANAONIDAI.

Kwanza aliandika madeni yake.

Yako kumi na moja, yameandikwa kutoka kichwani, na kila moja lina msimu wake na kipimo chake. Orodha ya aliowadai inafuata ukurasa wa tatu, na hiyo ina alama za kuuliza pembeni mwa majina, na nafasi zilizoachwa wazi. Ile ya kwanza haina hata alama moja ya kuuliza. Kumi kati ya yale madeni kumi na moja yamekatwa kwa rula, na mwaka wa kulipwa umeandikwa mwishoni: 2002, 2003, 2003, 2005, na kuendelea. Moja halijakatwa.

"Mama wa Kibumba, wa ukuta wa mawe. Mbegu, magunia 2. Msimu B, 1997."

Msimu B ni ule unaoanza Februari. Nilifungua daftari la pili. Mstari huo upo ukurasa wa kwanza. La tatu, upo. Katika la sita, lililoanza 2023, mkono wake ulikuwa umeanza kutetemeka, na herufi zinapanda na kushuka, lakini mstari upo pale pale juu kabisa, kabla ya kitu kingine chochote.

Ningependa kusema kwamba nilijisikia fahari. Kusema kweli, nilijisikia vibaya zaidi kuliko siku ya matanga. Nilikuwa nimemfukuza mama mwenye haki, hilo lilikuwa wazi. Lakini pia nilikuwa na swali jipya ambalo sikutaka kuwa nalo: mtu aliyekuwa na uwezo wa kulipa magunia mawili ya mbegu karibu kila msimu kwa zaidi ya miaka ishirini, kwa nini alikufa bila kuyalipa? Kuandika deni si kulilipa. Mtu anaweza kuliandika kwa uaminifu mpaka kaburini, na aliyemkopesha akafa njaa.

Aliyekaa safu ya pili

Nilikwenda kwa dada yangu mkubwa, mtaa wa Ndosho. Yeye ndiye anayeendesha biashara sasa. Ana kibanda soko la Virunga na stoo ndogo nyuma ya nyumba. Nilimfungulia ukurasa. Aliusoma, akaniuliza nimetoa wapi madaftari, kisha akasema kama mtu anayetaja hali ya hewa:

"Magunia haya niliyapanda mimi."

Nilikuwa na miaka kumi na miwili wakati huo, naye alikuwa na kumi na sita, na nimegundua kwamba tunaukumbuka mwaka ule kama watu wawili waliokaa miji tofauti. Mimi ninakumbuka shule kufungwa na kufunguliwa. Yeye anakumbuka shamba. Julai 1994 wakimbizi kutoka Rwanda walipovuka kwa mamia ya maelfu, kambi moja kubwa iliwekwa Kibumba, juu ya miamba isiyo na chemchemi, ambako maji yaliletwa kwa magari. Shamba la Baba lilikuwa ukingoni mwa kambi. Mwaka wa kwanza lilivunwa na waliokuwa na njaa kabla yetu, na Baba, asema Dada, hakuwalaani. Mwaka wa pili halikuwa shamba tena, lilikuwa njia na mahema. Sitaficha kwamba wakati huo huo aliuza maharagwe kambini na akapata faida, kama walivyofanya wafanyabiashara wengi wa mji. Kisha mwishoni mwa Oktoba 1996 vita vikaja, kambi ikatawanyika, na katika siku zile za kuingia Novemba depo ikavunjwa na kila kilichokuwemo kikabebwa.

Ilipofika Februari alikuwa na ardhi iliyokanyagwa ikawa ngumu kama sakafu, visiki, na mikono. Mbegu hakuwa nayo. Hakuna aliyekuwa nayo, kwa sababu watu walikuwa wamekula kila kiazi.

Isipokuwa mama mmoja, mjane, nyuma ya ukuta wa mawe ya volkano. Alikuwa ameficha mbegu zake chini ya majani makavu katika kibanda cha mbuzi, na kwa msimu mzima alikuwa amewapikia watoto wake majani ya maboga huku akijua ziko pale.

"Baba alimwendea mara tatu," Dada alisema. "Mara ya tatu alinichukua mimi. Yule mama aliniangalia mikono, akaniuliza kama ninajua kuchipuza mbegu. Nikamwambia zinatandazwa safu moja mahali penye kivuli chenye mwanga, si gizani, ili machipukizi yawe mafupi na yenye nguvu. Akamwambia Baba: nitakupa, lakini atakayezipanda ni huyu."

Magunia mawili ya kilo mia mia hupanda kama ari kumi, yaani sehemu ya kumi ya hekta, si zaidi, maana hekta moja hula karibu tani mbili za mbegu. Kutoka kwenye ari hizo kumi, udongo ule ukiwa umepumzika miaka miwili bila viazi, walivuna magunia kumi na moja. Hawakula. Walipanda tena yote waliyoweza, na tena. Kila kilichokuja baadaye, depo mpya, mabati, nyumba ya Himbi walipokuja kulia wale wageni, kilitoka kwenye kile kibanda cha mbuzi.

"Na shule yako?" nilimwuliza, ingawa nilianza kujua jibu.

Alikaa kimya muda mrefu. Dada yangu si mtu wa kilio.

"Nilikuwa nimeingia mwaka wa pili wa sekondari. Baba alisema msimu mmoja tu, kwa sababu mikono yangu inajua mbegu. Baada ya huo ukaja mwingine. Sikumkasirikia wakati ule. Nilimkasirikia baadaye, siku ulipopata diploma yako na akachinja mbuzi." Kisha akaniangalia. "Ulisoma mbele ya watu kwamba alitusomesha wote. Nilikuwa nimekaa safu ya pili."

Sikuwa na la kujibu, na sina mpaka leo. Nilikuwa nimelijua jambo hilo maisha yangu yote. Sikulificha kwa makusudi. Sentensi ilikuja yenyewe, kama zinavyokuja sentensi za misiba, na mimi sikuizuia mlangoni kuiuliza inakwenda wapi. Nimemwomba ruhusa ya kuyaandika haya. Alisema niandike, mradi niseme pia kwamba Baba ndiye aliyemfundisha hesabu zote anazozitumia sokoni, usiku, kwenye daftari lile lile, na kwamba hakuwa mtu mbaya. Ninasema.

Tukajadili kulipa

Nilipoleta jambo kwenye kikao cha familia, baba mdogo alipendekeza tutafute bei ya magunia mawili, tumpelekee yule mama dola zake, tumalize. Lilikuwa pendekezo la haki kwa namna yake. Tatizo la kwanza ni kwamba dola zangu sikuweza kuzishika: tangu vita vilipoingia na benki za mji huu zikafunga milango mwishoni mwa Januari 2025, akiba yangu ya miaka kumi na minne ilikuwa tarakimu kwenye simu. Nilipotaka kuchangia mazishi ya baba yangu mzazi nilikopa. Aliyelipia turubai, viti, jeneza na mchele ni Dada, kwa kuuza maharagwe yaliyokuwa stoo.

Baba alizikwa kwa magunia yake. Nililifahamu hilo katikati ya kikao, nikiwa nimefungua mdomo kusema jambo jingine, na nikanyamaza.

"Mbegu inalipwa kwa mbegu," Dada alisema, na hakuna aliyepinga.

Alizitafuta yeye. Hakununua sokoni, kwa sababu kiazi cha sokoni hujui kimetoka kilima gani, na ugonjwa wa mnyauko ukiingia shambani hukaa kwenye udongo miaka. Alikwenda kwa mkulima anayemfahamu, akachagua gunia baada ya gunia, na katika kila fungu alikata kiazi kimoja kwa kisu, akakibana kati ya vidole. Kikitoa ute mweupe kama maziwa kwenye ile pete iliyo ndani ya ganda, fungu zima linakataliwa. Alikataa mafungu mawili. Nilisimama pembeni nikimtazama, na nilijua kwamba ninatazama mwaka 1997.

Ukuta wa mawe

Tulipanda Kibumba Jumamosi moja ya Novemba, ndani ya gari la mizigo lililokuwa likirudi tupu. Ukungu ulikuwa umefunika mlima Mikeno. Ukuta bado upo, mawe meusi yaliyopangwa bila saruji, na mama alikuwa ndani yake, anapalilia maharagwe.

Alimtambua Dada kabla ya mimi. Walishikana mikono, akaigeuza ile ya Dada akaiangalia viganja.

Nilimwomba msamaha. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi njiani, lakini nilisema machache. Kisha nikamwuliza lile swali lililokuwa likinisumbua: kwa nini Baba hakulipa miaka yote hiyo?

"Alileta," alisema. "Alileta mwaka ule ule uliofuata, magunia mawili yamejaa. Wakati huo nilikuwa na mbegu zangu. Nikamwambia akae nayo, nitayataka siku nitakayokosa. Mimi sina mahali pa kuweka kitu kisiliwe, kisiibwe, kisioze. Yeye alikuwa napo. Kila mwaka alikuwa akipita hapa ananiuliza: Mama, mwaka huu? Namwambia, bado."

Nilimwuliza kuhusu 2022, alipokimbia vita na kuishi kwenye hema Kanyaruchinya, kwenye njaa, karibu kabisa na mji. Nilitaka kujua kwa nini hata wakati huo hakuja.

Alinitazama kama mtu anayemwelekeza mtoto. "Ukiipeleka mbegu penye njaa si mbegu tena. Ni chakula cha siku nane."

Mwaka Baba alipofariki alikuwa amerudi kwenye shamba lake, hana hata kiazi kimoja, na ndiyo ilikuwa siku aliyoingoja. Aliposhuka Goma kumwambia Baba kwamba sasa ndiyo, alikuta turubai. Alinieleza kwamba baada ya jibu langu alingoja hadi mwisho wa Septemba, akidhani tutamfuata. Kisha aliazima maharagwe, akapanda sehemu ya chini. Sehemu ya juu, ile ya viazi, ilikuwa imelala na magugu, na niliiona.

"Nimekuchelewesha msimu, Mama," nilisema.

"Umenichelewesha," alisema. "Baba yako naye alichelewa, lakini tulikuwa tumepatana."

Tulishusha magunia. Alifungua moja, akatoa kiazi, akakigeuza, akakirudisha. Alisema mvua zimeshatangulia sana. Atachukua gunia moja ajaribu kuwahi pale juu, na la pili tubaki nalo mpaka Februari, kwa msimu B, maana kwake litaharibika. Dada alikubali kana kwamba walikuwa wamezoea kufanya hivyo kila mwaka.

Alitoa daftari jipya kwenye mkoba wake. Sikujua kwamba amelibeba. Alilikalisha juu ya ukuta, akapiga mstari mara mbili chini ya neno la juu, na mwandiko wake, niliuona kwa mara ya kwanza vizuri, unainama kulia kama ule wa Baba. Aliandika: Mama wa Kibumba, wa ukuta wa mawe. Mbegu, gunia 1. Februari.

Mama alimwomba amsomee kwa sauti. Akasoma. Mama akauliza shahidi ni nani, na Dada akanipa kalamu.